Sabuni Kwenye Tangi la Marehemu Baba

Nilimwita kaka yangu msaliti mbele ya mama, na ushahidi nilikuwa nao mkononi.

Ulikuwa mdogo kuliko punje ya maharage. Kipande cha sabuni ya mche, kikavu, kinanuka petroli.

"Umekitia wewe," nilimwambia.

Kaka alikitazama. Akamtazama mama. Kisha akanitazama mimi...

Na hakukataa.

Ndugu msomaji, nikurudishe nyuma kidogo, maana mimi si mtu wa kuruka hatua. Kazi yangu ni kupima maji maabara. Kisichopimika huwa sikiamini.

Baba alifariki mwaka jana. Aliacha pikipiki moja kongwe kuliko mimi, ya injini ya mipigo miwili. Hizi hazina mahali maalumu pa kuweka oili. Oili unaichanganya na petroli humo humo kwenye tangi. Ukiipunguza sana, pistoni inaganda. Ukiizidisha, moshi wa bluu unakufuata mtaa mzima.

Baba alinifundisha kipimo nikiwa na miaka tisa. Alitumia kile kikombe kidogo cha plastiki kinachokuja na dawa ya kikohozi. Vikombe vinne kwa lita moja, na cha nne kinaishia nusu.

"Kwa nini nusu?"

"Ndivyo inavyopenda yenyewe. Na hii tunaijua watu wawili tu duniani. Mimi na wewe."

Nilikua, nikasoma, nikagundua kwamba kipimo cha kukaribiana na hicho kimechapwa kwenye kila chupa ya oili. Haikunisumbua. Nilichokuwa nakitunza hakikuwa kipimo. Ni ile "wawili tu".

Kila Alhamisi jioni baba aliiwasha pikipiki na kwenda chuo cha ufundi ng'ambo ya mto, mwendo wa dakika arobaini, kufundisha darasa la injini. Mvua au jua, hakukosa. Sisi watoto hatukuruhusiwa kwenda. Karakana ni hatari, alisema.

Mwaka wa kifo chake ulikuwa unatimia siku ya Alhamisi. Nikapanga: nitaipeleka pikipiki mwenyewe hadi chuoni, niwakabidhi picha yake waitundike karakana.

Kaka yangu ni dereva wa lori. Mpango huo aliupinga tangu siku niliyoutaja.

"Profesa, tuliuze hilo dude. Kuna jamaa anayapenda makongwe."

"Haliuzwi."

"Litakuacha njiani."

"Nitalitengeneza."

"Kwa vile vichupa vyako vya maji?"

Mama alikuwa anafua.

Wiki tatu kabla ya siku yenyewe, tatizo likaanza. Pikipiki inawaka kiki ya pili, inakwenda vizuri kabisa. Dakika ya kumi na moja inalegea, inakohoa, inazima. Nilikuwa na saa na daftari. Dakika ya kumi na moja, kila siku.

Siku ya kwanza nilitoa plagi. Ilikuwa na rangi ya kahawia, kama inavyotakiwa, na cheche zilikuwa kali. Nikaibadilisha hata hivyo. Nikafungua tangi kuhakikisha petroli ipo, nikafunga, nikapiga kiki. Ikawaka.

Nikaandika: plagi.

Kesho yake, dakika ya kumi na moja... kimya.

Nikabadilisha koili. Nikachungulia tangi. Kiki. Ikawaka. Nikaandika: koili.

Siku ya tatu nilivua kabureta, nikalisafisha mpaka likang'aa. Nikachungulia tangi. Ikawaka. Keshokutwa yake ikanizimikia dakika ileile, mbele ya duka la vioo, watu wananitazama.

"Endelea hivyo hivyo," kaka alinicheka nilipoisukuma hadi nyumbani. "Ukimaliza utakuwa umeunda nyingine."

Mara iliyofuata niliamua nisiguse kitu. Ilipozima niliegesha kando ya barabara, mikono mfukoni, nikasubiri kidogo. Kiki... haikuwaka. Kiki... haikuwaka.

Nikafungua kifuniko cha tangi tu.

Fyuuu...

Tangi lilivuta pumzi kama mtu aliyetoka kuzama. Nikafunga. Nikapiga kiki moja. Ikawaka.

Nilisimama pale nikijiona mjinga. Kifuniko kina tundu dogo, upana wa sindano, la kuingizia hewa kila petroli inapopungua. Tundu likiziba, petroli inagoma kushuka. Siku zote hizo haikuponywa na plagi, wala koili, wala kabureta. Ilipona kwa sababu nilifungua kifuniko kuchungulia.

Nikakigeuza. Tundu lilikuwa limezibwa kwa ndani. Sio uchafu. Sabuni, imesindiliwa kwa kidole na kulainishwa.

Anayejua mambo ya sabuni si mtu wa njiani. Petroli haiyeyushi sabuni. Zamani tangi lile liliwahi kupata ufa, na baba akausugua kwa sabuni kavu mpaka ukaacha kuvuja. Nilikuwa nimechuchumaa upande huu, kaka upande ule.

Watoto wawili tuliona. Mmoja ni mimi. Wa pili anataka pikipiki iuzwe.

Hesabu ndogo sana.

Ndipo nikasimama uani na kile kipande mkononi.

"Sema kitu, kaka."

"Haya. Nimetia mimi. Sasa uza, au kitupe hicho chuma."

"Yaani unamfanyia hivi baba?"

"Usimtaje baba."

"Nimtaje nani? Hukuwahi hata kulitaja darasa lake, halafu mimi ninayetaka kwenda kumheshimu unaniwekea sabuni. Wewe ni msaliti."

"Mwache mwenzako," mama alisema.

Alikuwa kwenye beseni, mikono ndani ya povu hadi vifundoni.

"Siku ile tangi linavuja, baba yenu alinyoosha mkono akaomba sabuni. Nani alimpa?"

Nikakitazama tena kile kipande.

Nilihesabu watoto wawili waliochuchumaa. Mkono uliotoa sabuni sikuuhesabu.

"Mama... wewe?"

"Chuo unachokwenda kilifungwa ukiwa darasa la nne."

Wapendwa, mimi hurudia kipimo cha maji mara tatu kabla ya kutia saini. Kuhusu Alhamisi za baba sikuwahi kuuliza hata swali moja.

"Alikuwa anakwenda wapi?"

"Mkabala na chuo. Geti la kijani. Alizaa mtoto huko."

Nilimgeukia kaka. Alikuwa anatazama chini.

"Ulijua?"

"Nilimfuata kwa baiskeli nikiwa na miaka kumi na sita."

"Na hukuniambia."

"Ulivyokuwa unamsubiri dirishani kila Alhamisi... ningeanzia wapi, Profesa?"

"Na leo umekubali kuitwa msaliti?"

"Bora uniite mimi kuliko kumwita baba."

Nikamrudia mama. "Hao watu wanajua kwamba amefariki?"

Alikamua shati taratibu, akalikung'uta.

"Sikuwaambia."

"Mwaka mzima, mama?"

"Wewe sikukuambia miaka ishirini na nne. Nimezoea."

Alhamisi ilipofika nilichanganya oili na petroli kama kawaida. Kasoro moja. Kikombe cha nne nilikijaza hadi mstari wa juu, kila lita. Makusudi. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kumvunjia amri.

Dakika ya kumi na moja nilitamani izime.

Haikuzima.

Nilivuka mto, nikapita majengo ya chuo, madirisha hayana vioo, nyasi zimefika kiunoni. Geti la kijani lilifunguliwa kabla sijasimama. Msichana alitoka mbio, peku, futi ya kushonea ikining'inia shingoni, nyuzi zimemganda kwenye sketi. Uso wote unacheka.

"Ba..."

Akaniona.

Kicheko kilibaki usoni kwake sekunde kadhaa, hakijui pa kwenda. Paji la uso lilikuwa langu. Masikio yalikuwa ya kaka.

"Shikamoo, dada," alisema. "Yeye yuko wapi?"

Nilimpa jibu pekee nililokuwa nalo.

"Alifariki. Leo unatimia mwaka."

Aliketi kizingitini.

"Nilidhani amenuna," alisema. "Alhamisi ya mwisho tuligombana. Namba yake ikawa haipatikani. Nikasema, ngoja, hasira zikiisha atakuja. Na kwenu tulikatazwa kuja."

Nikampa ile picha. Aliigeuza, akaikumbatia uso kwa kifua. Injini ilikuwa bado inanguruma nyuma yangu. Akainua macho, akautazama moshi.

"Cha nne umekijaza," alisema.

"Nini?"

"Kikombe cha nne. Kinaishia nusu." Akajifuta shavu kwa kiganja. "Lakini usimwambie mtu. Aliniambia tunaijua wawili tu."

Nilizima injini.

Kuna watakaoniuliza somo ni nini. Kila nilipotengeneza ile pikipiki nilifungua kifuniko cha tangi, na sikuwahi kuliandika jambo hilo kwenye daftari, kwa sababu nilishalizoea. Niliandika vyote isipokuwa kilichokuwa na jibu. Baba naye ndivyo nilivyomruka. Unayempenda kuliko wote ndiye wa kwanza kumwondoa kwenye orodha ya kuulizwa. Muulize akiwa hai, bado anaweza kukujibu.

Kaka nimemwomba radhi. Mama bado hatujaongea vizuri.

Baba nimemuuliza. Hajibu.