Pipa la Stroberi

Siku Otilia aliyokutana na Leonidas, soko kuu la Sumbawanga lilikuwa limefurika mpaka kuku waliofungwa miguu walikuwa wakiombana radhi. Ilikuwa miaka ya ruksa. Redio za Dubai ruksa, makoti ya marehemu wa Ulaya ruksa, sabuni za kila harufu ruksa. Otilia alikuwa ameinama juu ya kapu lake la kimea, ule ulezi uliooteshwa na kuanikwa ambao ndio roho ya pombe. Alikuwa amesuka twende kilioni, mtindo mzuri wenye jina baya, na kitenge cha njano kimemkaa kiunoni hivi kwamba muuza karanga wa jirani alikuwa amekosea kipimo mara mbili.

Kijana mmoja akaja kinyumenyume, koti la jinzi mabegani, boksi mkononi, anabishana na mteja. Akajikwaa kwenye kapu. Chupa moja ikatoka kwenye boksi, ikapasuka kizibo, ikajimwaga yote kwenye kimea.

"Wewe! Macho umeyaacha Tunduma?"

"Samahani dada. Macho ninayo, ila yamekuona wewe yakaisahau miguu."

"Ona sasa! Kimea kimelewa kabla hakijawa pombe. Kitu gani hiki?"

"Vanila. Wanaweka kwenye keki."

"Mimi sipiki keki. Napika pombe ya ulezi, kule mtaa wa Izia. Bibi yangu akinusa hii atanipeleka kwa padri."

"Basi niambie siku, tuongozane. Tukifika kwa padri tufunge na ndoa kabisa, tusipoteze nauli."

Otilia alitaka kucheka, akajibana. Akaondoka na kapu lake, na ile harufu ikamfuata mpaka nyumbani kama mbwa asiye na mwenyewe.

Ulezi hautupwi. Aliupika hivyo hivyo.

Bibi Kalista, aliyemlea tangu ananyonya, alikuwa na sheria moja tu ya pombe, nayo aliikuta kwa mama yake: mpikaji huonja kwanza. Kata ya kwanza, kile kibuyu cha kuchotea, hunywa yeye, mbele ya watu, mpaka tone la mwisho. Kisha wageni ndio hunyoosha mikono. Mji wenyewe ni Sumbawanga, unaosifika kwa uchawi. Hakuna anayepokea kata kwa mtu ambaye hajaonja.

Otilia akaonja. Watu wakaonja. Masanja, Msukuma mwenye ng'ombe kule bondeni Milepa, aliyekuwa akipanda mjini kila siku ya mnada, akaramba midomo.

"Bibi Kalista, leo mmepika maua?"

"Muulize mjukuu wangu," alisema bibi. Alinusa kata yake, akaiweka chini. "Pombe ya ulezi hunuka ulezi. Ikichacha, pua inakwambia. Hii ukiipaka uturi, siku ikioza utaijuaje?"

Wateja walikuwa tayari wanaomba ya pili.

Wiki haikuisha, Leonidas akaja kutafuta msamaha. Alikuta wateja wamejaa hadi kwenye kizingiti, akaelewa mambo. Siku ya pili alikuja na nanasi. Si nanasi lenyewe, chupa yake. Kisha ikaja kahawa, ikaja ndizi, ikaja mnanaa ambao uliwafanya wazee wa Izia wapumue kama wamemeza upepo. Mwisho akaleta stroberi, ya rangi ya pinki. Hakuna aliyewahi kuliona tunda hilo. Fundi cherehani aliapa kwamba ni mji fulani wa Zambia.

"Oti, mama, nikuwekee nini kesho?"

"Niwekee akili."

"Hiyo ulininyang'anya sokoni."

"Basi lete chumvi, tupike na mchuzi humo humo tumalize."

"Ukisema chumvi naleta. Ukisema mahari naleta."

Alisema utani, lakini mwezi wa sita, upepo wa Ufipa ukikata masikio, alituma kweli posa. Mjomba wake Gaudensi angekuja kutoka Matai na ukoo mzima, na pombe ya siku hiyo lazima iwe ya Otilia. Vyungu vya Bibi Kalista vilikuwa vinne. Watu walikuwa sitini.

"Usihangaike, kipenzi," alisema Leonidas. Akarudi jioni na pipa la bluu, la plastiki, refu mpaka kifuani. "Nimelipata kwa mtu wa mafuta ya alizeti. Nimelisugua mwenyewe kwa majivu na mchanga."

Otilia akaingiza kichwa. Akakitoa.

"Leonidas, linanuka."

"Ni plastiki tu, mpenzi. Vitu vipya vina ukali."

Aliongea akiwa anafunga kamba ya kiatu, na kiatu chenyewe kilikuwa kimefungwa. Otilia aliliona hilo. Akalitazama pipa. Akaiona harusi yake, watu sitini, wanawake wa Izia waliomwita muuza pombe wakila vidole kwa wivu. Akachukua chupa ya stroberi, na badala ya vifuniko viwili kama desturi, akamimina yote.

Harufu ile nyingine ikanyamaza.

Siku ya posa alivaa gauni la zambarau lenye mabega ya puto, kilemba cha kitenge na viatu vya kisigino vilivyozama kwenye vumbi kila hatua. Asubuhi alikuwa amewamwagia kuku wa bibi machicha ya pombe. Alipopita tena nyuma ya nyumba aliona hawajaondoka pale. Majike mawili yamejikunyata, na jogoo amelala ubavu kama anayesikiliza ardhi.

"Mdondo umeingia," alijiambia. Mwaka ule mdondo uliua kuku wengi, na bibi harusi hana muda wa kumpima jogoo.

Wageni wakajaa uani. Mjomba Gaudensi alikuwa na suti ya kijivu, wazee walijibanza ukutani kukwepa upepo, na Masanja alikaa jirani kabisa na pipa kwa sababu anazozijua yeye. Leonidas, kwenye shati jeupe lililopigwa wanga, alimkonyeza Otilia, akaenda nyuma ya nyumba kunawa mikono. Aliporudi uso ulikuwa rangi ya majivu.

"Mpikaji aonje," akaita mjomba.

Otilia akapiga goti, akachota. Povu la pinki likasimama juu ya kata. Akaishika kwa mikono miwili, akaipandisha.

Leonidas akaipiga ngumi. Kata ikaruka, na pombe ikamwagika kifuani pa suti ya kijivu.

Mjomba akajikung'uta suti.

"Leonidas?"

"Usinywe."

"Kwa nini nisinywe?"

"Nimeota vibaya."

Ndugu zangu, kuna miji ambayo mtu akiota vibaya anakunywa maji akalala tena. Sumbawanga, ukiota vibaya juu ya pombe ya mchumba wako, mbele ya wazee, umeshataja jina. Vigoda vikasogea nyuma. Mama mmoja akamvuta mwanawe.

"Mwanangu," alisema mjomba polepole, "unataka kusema pombe hii ina mkono wa mtu?"

Leonidas akatazama viatu vyake.

Bibi Kalista akasimama na fimbo yake. "Mjukuu wangu hajawahi kukwepa kata. Otilia, onja."

Otilia akachota tena. Macho yake hayakumbanduka yule mwanamume.

"Nikinywa nikabaki mzima, utaniomba radhi kwa magoti, hapa hapa. Nisipobaki, shukuru Mungu, umeepuka kuoa mchawi."

Akaipandisha. Ukingo wa kata ukagusa mdomo.

"Pipa la josho!" Leonidas alipiga ukelele hadi sauti ikapasuka. "Halikuwa la mafuta! Nililiokota kwenye josho la ng'ombe. Kuku wamekufa, nendeni mkaone! Otilia, mama, tupa hiyo!"

Masanja ndiye aliyeinuka kwanza. Akalibinua pipa, pombe yote ikakimbia kwenye vumbi. Akakwangua ukuta wa ndani kwa kucha, akanusa kidole muda mrefu.

"Dawa ya kupe," alisema. "Hii naijua kuliko jina la mke wangu. Nimekaa ubavuni mwa pipa hili tangu asubuhi, na pua haikunishtua."

"Ilikuwa inakwambia nini?" aliuliza Bibi Kalista.

"Tunda, bibi. Tunda tu."

Otilia alijifuta mdomo kwa kilemba, akajifuta tena, mpaka ukawa mwekundu.

"Uliona heri mimi niitwe mchawi," alimwambia Leonidas, "kuliko wewe uitwe mwongo."

"Oti..."

"Toka kwetu."

Wakatoka, yeye na ukoo wake, na mjomba Gaudensi mbele na doa la pinki kifuani. Jioni hiyo Bibi Kalista alilitoboa pipa kwa shoka, wakalifukia kando ya shamba.

Kweli ilisemwa mbele ya watu sitini, lakini neno la kwanza, uchawi, ndilo lililotembea. Wateja walikuja wawili, kisha mmoja, kisha Masanja peke yake. Kisimani wanawake walimpisha Otilia mapema mno. Naye alikuwa na lake ambalo hakumwambia hata bibi.

Mwezi wa nane kondakta wa basi akamletea karatasi: *Jumatano saa nne uwe Posta. Nitapiga.* Alisema haendi. Alifika saa tatu, na kitenge cha njano.

"Otilia wa Izia, kibanda namba mbili!" aliita Felisian, karani wa simu, na foleni yote ikageuza masikio.

"Haloo?"

"Oti. Ni mimi."

"Najua. Nani mwingine anapiga simu kuja kuhema?"

"Uko Sumbawanga?"

"Si umepiga Sumbawanga? Unataka nikupokelee wapi?"

Akasikika akicheka, kisha akaacha. "Niliogopa. Niliwaza, nikisema kweli sikupati. Nikasema uongo nikakukosa."

Otilia aliikaza simu sikioni. Nyuma yake foleni ikasogea karibu.

"Na mimi nililinusa," alisema.

"Nini?"

"Lile pipa. Nililinusa siku ya kwanza, nikakuona unavyofunga kiatu kilichofungwa. Nikamwaga chupa nzima ili nisinuse tena. Nilitaka sherehe, Leonidas. Watu sitini."

"Basi tulikuwa tunawaua watu sote wawili, nusu kwa nusu," alisema Leonidas. "Nije?"

"Njoo na chungu. Ukija na chupa, nitamwita Masanja akuogeshe pamoja na ng'ombe."

Felisian akagonga kioo. "Dada, wengine wanasubiri kibanda. Ila mwambie aje."

Alikuja, chungu kipya kimefungwa kwenye blanketi, amekipakata safari nzima kama mtoto mgonjwa. Otilia akapika: ulezi na maji. Siku ya kunywa walikuwepo Bibi Kalista, Masanja, na kuku wapya watatu. Leonidas akanyoosha mikono ampokee kata akishaonja. Otilia hakuonja.

"Kuanzia leo wewe ndiye wa kwanza. Kila chungu, mpaka mmoja wetu afe. Ukikubali hilo, kamlete mjomba wako."

Leonidas aliinusa. "Umeweka nini humu, mama?"

"Kunywa kwanza."

Akamtazama Bibi Kalista, bibi akatazama mawingu. Akanywa. Akafika tone la mwisho, akaishika kata mdomoni bado, anasubiri mwili umwambie.

"Ulezi," alisema hatimaye.

"Ulezi," alisema Otilia.

Walifunga ndoa mwezi wa kumi, na wateja walirudi, maana kiu haina kinyongo. Pale lilipofukiwa pipa majani hayajaota mpaka leo, na mbuzi hupazunguka. Na kila chungu kikiiva Leonidas hupiga goti akanywa wa kwanza. Otilia husimama mbele yake, kiuno kwenye kitenge, anamtania, anamwita mpenzi. Macho yake lakini huwa kwenye koo la mumewe, mpaka limeze.