Fundi Aliyeacha Vidonge

Seremala alikuwa akipiga randa ubao pale karakanani, mkewe akimshikia, mara randa ikamponyoka. Mdomo ukaenda upande. Akataka kusema, maneno yakamkwama. Kabla mkewe hajaita majirani, mdomo ukarudi mahali pake.

"Yamepita," seremala akasema. "Tuendelee."

Hasira zikampanda mkewe. Mwaka jana kiharusi kilimlaza mumewe hospitali. Tangu hapo yeye ndiye aliyemzungusha: leo kwa daktari wa moyo, kesho kwa daktari wa presha. Kila mmoja alitoa dawa zake, hakuna aliyeuliza mwenzake kasema nini. Na mgonjwa naye, sikio la kufa.

Mke akabeba mfuko wa dawa, akamkokota mumewe hadi hospitali. Njia nzima mume alinung'unika kuwa kazi za watu zinalala. Mke akazidi kumvuta mkono. Angejibu, wangegombana.

Muuguzi wa kliniki ya kiharusi akauliza kuhusu dawa. Seremala akakiri kwamba ameziacha zote, maana zilimletea kizunguzungu.

"Na vidonge ninavyokupa kila asubuhi," mkewe akauliza, "unavipeleka wapi?"

"Natema kwenye maranda."

Mke akamsukumia muuguzi mfuko wa dawa. Muuguzi akachambua ule mfuko, akatoa pakiti mbili. Majina tofauti, kumbe dawa ni ile ile ya presha. Kila daktari alikuwa ameandika ya kwake.

"Kizunguzungu kilitokana na dozi mbili; hapo tumekosa sisi," muuguzi akasema. "Lakini, baba, cha leo ni onyo. Kiharusi cha pili huweza kuua. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea, ulimi ukiwa mzito, hata kama hali imetengemaa papo hapo, njoo mbio. Na dawa ikikusumbua, tuambie. Usiiache mwenyewe."

Akalazwa. Kesho yake madaktari wote wakakutana kando ya kitanda chake, wakapatana dawa zipi abaki nazo na mazoezi gani afanye. Chumvi apunguze, sigara basi. Muuguzi yule ndiye atakayepigiwa simu kwa lolote.

Miezi ikapita. Presha ikashuka, mkono ukapata nguvu. Siku moja mke akamsikia mumewe akiongea kwa simu karakanani, mpole kama mwanafunzi.

"Miguu imevimba kidogo, muuguzi. Hapana, dawa sijaacha. Nauliza kwanza."

Mke alisimama mlangoni. Yeye amebembeleza mpaka koo likamkauka, kumbe neno la mtu baki ndilo linaloingia. Alitaka kukasirika, akajikuta anacheka.