Sauti Chini ya Kitenge

Haya yalimpata rafiki yangu Biuma, hapa hapa Kamina, nami nayasimulia kama alivyonipa. Biuma, pamoja na watu asiowahi kuwaona, hutengeneza programu huria inayojenga programu nyingine. Ilikuwa na kasoro moja mbaya: ilitangaza kwamba imemaliza, kumbe sehemu nyingine hazijajengwa. Aliihangaikia hadi ikapona, kisha akaiongezea kitu kipya: sauti yake mwenyewe, aliyoirekodi ikisema "Bimeisha", yaani vimekwisha, kila kazi inapokamilika.

Mchana huo alikuwa akiijaribu kwenye kompyuta yake kwa mara ya mwisho kabla ya kuituma kwa wenzake. Wingu la mvua likatanda, chumbani kukawa giza.

"Biuma, toa batri, ufunike ile kioo," mama yake aliita kutoka jikoni. "Radi iko karibu."

Akachomoa waya, akatoa batri, akaifunika kompyuta kwa kitenge, kama wanavyofunika vioo vyote radi inapokuja. Akakaa kitandani na batri mkononi, akisikiliza mvua ikipiga mabati.

Mvua ilipotulia, sauti ikatoka chini ya kitenge. Ilikuwa yake.

"Bado," ikasema. Neno hilo hakuwahi kulirekodi.

"Weye, iko unasema na nani?" mama yake akauliza, amesimama mlangoni.

Biuma alikivuta kitenge taratibu, batri bado imo mkononi. Katikati ya kitambaa palikuwa pamelowa, duara dogo la ukubwa wa mdomo, na palikuwa bado pana joto.