Ukoo Ulioungua Migombani

Asubuhi, huko Masoko, Sajenti Atupakisye alimkuta Mzee Obed, mhadhiri mstaafu wa lugha, amesimama migombani mbele ya kompyuta yake iliyoungua. Humo ndimo zilimokuwa rekodi zake zote. Wataalamu wengi huweka lugha za Kibantu na za Sahara katika koo mbalimbali. Mzee alishikilia kwamba ni ukoo mmoja mkubwa. Ushahidi wake ulikuwa maneno ya mama mmoja wa hapo kijijini, yasiyofanana na Kinyakyusa, lugha ya hapo, ila yeye aliyaona kama ya Sahara. Mzee hakumjua mama mwenyewe, kwani aliyerekodi ni msaidizi wake Nelson, kijana wa Tanga. Sasa mzee alidai Nelson ndiye aliyeichoma, kwa kuwa alizoea kulibeza wazo hilo. Alieleza haya bila kupandisha sauti.

Sajenti alifukua jivu kwa kijiti. Udongo wa chini ulikuwa mkavu, na mvua ilianza jana yake mchana, ikanyesha hadi alfajiri; basi moto uliwashwa kabla ya mvua.

Kwa madai hayo Nelson alikuwa tayari mahabusu Tukuyu, na chuo chake kilishatishia kumfukuza. Mwenye nyumba wake alithibitisha kwamba kijana alikuwa Mbeya tangu juzi asubuhi, akarudi jana jioni, amelowa chapachapa. Sajenti akamuuliza Nelson yule mama ni nani.

"Veronika, mkamwana wa mzee. Aliniomba nisimtaje, baba mkwe asijue sauti yake. Nilidhani ni aibu tu."

Sajenti mwenyewe aliolewa Mpuguso, kwa Wanyakyusa wenye mila hiyo hiyo. Hajawahi kuzungumza na baba mkwe wake, na neno lolote linalokaribiana na jina lake hulikwepa, akatumia jingine. Basi Veronika naye alikuwa akikwepa hivyo hivyo, na maneno yale ya ajabu yalikuwa ya kukwepa jina la mzee. Sajenti alipaswa kufurahi kwa kugundua hilo, lakini hakusikia chochote moyoni. Chumba cha mzee, ilimokuwa kompyuta, Veronika asingethubutu kukikanyaga. Alibaki mtu mmoja.

Alimkuta mzee barazani.

"Ulimtambua lini, baba?"

"Juzi. Alikuwa jikoni anambembeleza mtoto, hakujua nimerudi. Miaka yote yuko hapa sijawahi kusikia sauti yake, mwanangu. Kumbe ndiyo ile niliyoisikiliza kila siku."

Akakiri kwamba aliichoma mwenyewe, kwani aliona afadhali aonewe huruma kuliko kuchekwa na wasomi wenzake.

"Na Nelson?"

"Bado kijana. Angeanza upya." Alitazama mikono yake. "Nilitafuta ukoo hadi Sahara. Kumbe mtoto wa watu alikuwa ananiheshimu tu."

Walipopita jikoni, Veronika aligeukia ukuta kama desturi inavyotaka, hivyo hakuona kwamba baba mkwe wake amefungwa pingu.