Sinia la Jini Chini ya Paa la Kioo

Sogea karibu. Weka mkono kifuani uniapie kwamba haya hayatoki hapa Chuno, na mumeo humwambii. Umeapa? Vizuri. Na mie niliapa hivyo hivyo mbele ya Mwajuma, mwaka wa elfu mbili na moja, na leo nakwambia yote.

Mwaka ule kampuni moja ya wageni ilileta behewa lenye paa la kioo. Reli ya zamani ya karanga iling'olewa sisi tungali wasichana, likabaki tuta lake kwenye mikorosho. Wakatandika reli fupi juu ya tuta hilo, toka karibu na bandari mpaka mlimani juu ya Mikindani, ili watalii wanaoshuka melini wakae ghorofani, chini ya kioo, wale huku wanatazama nchi. Kioo kilivimba kama bakuli lililofunikwa. Ukikaa mle unaona mbingu yote.

Mzee Fikirini, fundi wa majini kutoka Ziwani, alionya mapema kwamba tuta lile ni baraza la jini wa kike. Kila safari awekewe sinia kwenye kiti cha nyuma: mayai saba ya kuchemsha, halua, asali na kikombe cha marashi. Asiguse mtu mpaka behewa lirudi, kisha vyote vikamwagwe baharini. Msimamizi wetu, Bwana Gaudensi, alicheka, lakini sinia likawekwa.

Jikoni, chini ya ngazi, tulikuwa Mwajuma na mie. Mwajuma ni kungwi. Nusu ya wanawake wa Chuno yeye ndiye aliyewacheza unyago, akawafunza kwamba mwanamke hatii mkono kwenye sahani ya mgeni. Mmoja wao ni Hawa, mtalaka, aliyeajiriwa kufuta kioo. Kazi ile ndiyo iliyomlisha yeye na mama yake kipofu.

Safari ya pili, Hawa alishuka ngazi na kitambaa mkononi.

"Somo, kuna alama ya kiganja kwenye kioo. Haitoki."

"Futa kwa nje," Mwajuma akamwambia.

"Nimefuta kwa nje. Nimefuta kwa ndani. Kioo kile ni cha tabaka mbili, somo. Kiganja kiko katikati."

Tukapanda kuangalia. Kilikuwa kidogo, vidole virefu, bado kibichi. Palinukia marashi na nywele zilizoloa. Kwenye sinia halua imechimbwa, mayai yamebaki manne.

Bwana Gaudensi aliacha kucheka siku hiyo. Safari ya tatu viganja vikawa vitano, vyote vimeelekea kiti cha nyuma, na mtalii mmoja mwanamke akalia akisema kuna mtu anampumulia kisogoni. Watu wakaanza kutafuta wa kumlaumu. Ndipo Mwajuma akasema, kwa sauti ile ya kungwi ambayo haipingwi, "Mama yake Hawa alikuwa na majini tangu wakikaa kule Kilambo. Mtoto ameyaleta kazini, anayalisha sinia la watu."

"Somo, mie?" Hawa akauliza. Akarudi kufuta kioo chake. Mtu hamjibu kungwi wake.

Sasa nikwambie linalonichoma. Asubuhi ile nilimwona Mwajuma ana asali kidevuni. Daktari alimkataza sukari, na binti yake alimfichia mpaka chai ya tangawizi. Nikamwonyesha kidevu, akafuta, akaniapisha. Nikanyamaza. Na yai moja alinipa, nikala.

Bwana Gaudensi akasema safari ya nne Mzee Fikirini asome, na Hawa akionekana ndiye, aondoke kazini siku hiyo hiyo.

Saa sita mchana, jua la utosi, behewa likasimama pale tuta linapopita kwenye mfereji uliochimbwa mlimani. Watu wote wakashushwa, wakapanda ukingoni: watalii, madereva, wanawake wa Chuno na Mikindani waliokuja kutazama, mie, na Hawa katikati ameshikwa mkono. Mwajuma peke yake alibaki jikoni, eti magoti. Mzee Fikirini akatia ubani kwenye chetezo, akaanza kusoma, na moshi ukashuka badala ya kupanda, ukaenda ukatambaa juu ya kioo, na viganja vikaanza kuchomoza kimoja kimoja mle katikati ya tabaka, bila mtu, vikifuatana kuelekea nyuma kama mtu anayetambaa taratibu asiamshe mtoto, na sote tukafuata kwa macho, kwa sababu ukingo ule uko juu kuliko behewa na kila kitu mle ndani kilionekana kama samaki kwenye chupa.

Kwenye kiti cha nyuma alikuwa amekaa Mwajuma.

Alikuwa ameweka sinia mapajani. Anamenya yai, maganda anasokomeza chini ya mto wa kiti, halua imemjaa shavu moja. Safari zote zile alikaa mle behewa likiwa tupu, hakufikiri kwamba paa linalomwonyesha mtu mbingu linamwonyesha na yeye.

Mkono uliomshika Hawa ukamwachia. Mzee Fikirini alinyamaza katikati ya aya.

"Hayuko peke yake," akasema polepole.

Mto wa kiti cha pembeni ulikuwa umebonyea.

Ndipo Mwajuma akainua macho akatuona, ukingo mzima, na wari wake wapatao kumi. Akajifunika uso kwa kanga upesi. Kanga ikavutwa. Akaishika, ikavutwa tena, ikainuka juu taratibu mpaka ikagusa kioo na kubaki imebandikwa pale na kiganja kibichi, vidole virefu, na Mwajuma chini yake kichwa wazi, yai mkononi, asali ikimtiririka kidevuni, anatutazama.