Makemba ya Madina Yalilegea Njiani

Kila asubuhi, kule mtaa wa Mangobo, Madina alikaanga makemba ya kuuza. Alikata ndizi vipande vyembamba, akavitia katika mafuta ya mawese, vikatoka vikavu vya kuvunjika kwa mlio mdomoni. Mume wake, Sefu, alivitia mara moja katika sashe za plastiki, akazifunga kwa uzi. Kufunga peke yake kulimaliza mchana.

Siku moja Augustin, mchuuzi aliyeyauza kwa boti katika masoko ya mtoni, alirudisha gunia zima kutoka Basoko.

"Mama Madina, makemba imelegea kama kitambaa. Batu banakataa. Sitabeba tena."

Sefu alinuna. Madina yeye alianza kufungua sashe na kuonja. Nyingi zililegea, lakini chache zilikuwa bado kavu. Mbona hizi hazikulegea?

Akazipeleka, zilizolegea na kavu, pamoja na Sefu, kwa jirani yake Élise, aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda cha biskuti. Élise aliinua sashe kwenye mwanga.

"Ona maji ndani. Mulifunga za moto, donc mvuke ikabaki humu."

"Na hizi kavu?" Madina akauliza.

Sefu akakuna kichwa. "Za mwisho nilifunga baada ya kula. Zilikuwa zimepoa."

"Voilà! Na uzi, tuone." Élise alizamisha sashe iliyofungwa katika beseni la maji, akaibana. Mapovu yakatoka kwenye fundo.

"Kumbe hewa inapita, na unyevu nayo!" Madina akasema.

Élise akawasha mshumaa, mbali na mafuta yake ya kupikia. Alibana mdomo wa sashe kati ya vipande viwili vya bapa la msumeno wa kukatia chuma, ukingo mdogo wa plastiki ukatokeza. Akaupitisha haraka kando ya moto. Plastiki ikashikana.

Madina alijaribu, akatoboa tundu.

"Haraka, mama! Usingoje moto itoboe."

Alirudia. Ndani ya maji, hakuna povu hata moja.

Kesho yake makemba yalipoa kwenye sinia pana, chini ya kitambaa safi. Mikono ilioshwa, ikakaushwa. Madina alipima kwa kikombe kimoja, Sefu kando yake akafunga kwa moto wa mshumaa. Kabla ya adhuhuri walikuwa wamemaliza, na Sefu alipata usingizi wa mchana.

Madina alimbembeleza Augustin achukue kikapu kidogo tu. Boti iliporudi, Augustin hakwenda kwanza nyumbani kwake. Alikuja moja kwa moja Mangobo, mabegani magunia mawili matupu.

"Jaza, mama. Kikapu iliisha kabla nifike sokoni."