Herufi za Ukutani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kinasa alikuwa na kazi tatu: kufagia uwanja, kujaza ndoo mbili za maji, na kumsaidia baba yake kutoa nje mashine ya kuchomelea vyuma. Kinasa halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alibandikwa jina hilo na mama yake kwa sababu msichana huyo alinasa kila alichokisikia na kukiona. Ukimpa ahadi leo, mwakani angekukumbusha mpaka rangi ya shati ulilovaa ulipoitoa.

Siku hizi kazi ya tatu ilikuwa ya bure. Mashine ilitolewa asubuhi, ikashinda inatazamana na baba, kisha jioni ikarudishwa kibandani ikiwa baridi vilevile. Hali ilikuwa ngumu nchi nzima. Majengo yalisimama nusu, nondo zikaota kutu, na hakuna aliyekuja kuagiza geti wala dirisha. Kiwanda alichofanyia kazi mama nacho kilikuwa kimefungwa. Ukweli ni kwamba maji yalikuwa yamewafika shingoni.

Ndipo akaja wakala wa ajira. Alisema kiwanda cha kutengeneza meli, nchi ya mbali, kinatafuta wachomeleaji kwa mkataba wa miaka miwili. Aliangalia vyeti vya baba, akaridhika.

"Fundi, wewe ni wa kwanza kwenye orodha yangu," alisema. "Imebaki kupimwa macho tu, pale zahanati, Alhamisi saa tisa alasiri. Hapo hakuna mchezo. Asiyeona vizuri hapandi ndege."

Baba alicheka kwa sauti kubwa. "Macho yangu mimi? Namwona sisimizi akipiga miayo!"

Mama alicheka, wakala akacheka. Kinasa hakucheka. Wiki ile ile alikuwa amemwona baba akiliamkia kwa heshima zote koti lililoanikwa kwenye kamba. Wengine nyumbani walidhani ni utani wa baba wa kila siku. Kinasa alikuwa ameuona uso wake alipogundua ni koti, na uso ule haukuwa na utani hata kidogo.

Wakala alipoondoka, baba alimwita kibandani.

"Mwanangu, pale zahanati ukutani kuna karatasi ya herufi. Mimi nikiitazama naona ukungu mtupu. Wewe nenda kaikariri, uje unifundishe."

"Lakini baba, huko si kudanganya?"

"Ni kusaidia familia yako. Utapenda tukae hivi mpaka lini?" Kisha akashusha sauti. "Na mama yako asijue."

Jumatatu Kinasa alipita zahanati, akamwambia muuguzi kwamba anamsubiri shangazi yake. Uongo huo ulimtoka kirahisi mpaka yeye mwenyewe akajishangaa. Alikaa kwenye benchi akaikodolea macho karatasi. Mistari minane, kuanzia herufi moja kubwa juu hadi vijiherufi vya chini vilivyosongamana. Ndani ya dakika kumi zote zilikuwa kichwani mwake.

Jumanne jioni aliziandika kwa mkaa juu ya bati kuukuu. Akashika kijiti, akawa mwalimu.

"Mstari wa tano, ya tatu kutoka kushoto?"

"H."

"Ya mwisho?"

"K... Hapana. V!"

"Safi kabisa, baba!"

Kijiti cheupe baba alikiona kikitembea. Herufi ndizo hakuziona, na sasa hakuhitaji kuziona. Walifanya mazoezi mpaka akawa hakosei hata moja. Alimpiga Kinasa begani akamwita mkombozi wa nyumba. Lazima tuseme wazi: Kinasa alivimba kichwa. Nani asingevimba?

Jumatano uvimbe huo ulinywea. Jirani yao, fundi mpaka rangi, aliingia uwanjani akichechemea, ngazi ya chuma begani. Baba alikuwa ameichomelea wiki iliyopita.

"Fundi, ngazi yako imenimwaga," alisema, akaitupa chini. Muundi wake ulikuwa umechubuka vibaya. "Shukuru Mungu nilikuwa kidato cha tatu tu. Ningekuwa juu kabisa, sasa hivi mngekuwa mnachangishana sanda."

"Pole sana, ndugu yangu. Vyuma vya siku hizi ni vibovu," baba alijibu upesi. "Iache, nitakurekebishia."

Mpaka rangi alipoondoka, Kinasa aliinama akakitazama kidato kilichong'oka. Chuma hakikuwa kibovu. Mchomo ulikuwa mzuri, umenyooka, kama kawaida ya baba. Ila ulipita pembeni. Badala ya kulala juu ya kiungo, ulikuwa umelala upana wa kidole kando yake, na vipande viwili vya chuma havikuwa vimeshikana hata chembe.

"Baba, hukukiona kiungo."

"Nyamaza!" Baba hakuwa na desturi ya kumfokea. "Ni kesho tu, mwanangu. Tukishaivuka kesho, mengine yatajipanga."

Alhamisi darasani Kinasa hakusikia lolote. Kila mwalimu alipochora mstari ubaoni, yeye aliona mchomo unaopita pembeni, na meli, na watu wamepanda ngazi ndani ya meli hiyo. Alimwona na baba yake amesimama juu sana, mbele yake ukungu. Kengele ilipolia alitamani isingelia.

Baba alikuwa anamsubiri nje ya shule amevaa shati lake la sherehe. Alimhitaji amsomee vibao vya mabasi, ingawa hakulisema hilo kwa mdomo. Njiani walinong'onezana mstari baada ya mstari.

Daktari wa macho pale zahanati alikuwa mama mtu mzima, mpole wa sauti, mwenye fimbo nyembamba nyeupe mkononi.

"Shikamoo, daktari," alisema Kinasa.

"Marahaba, mwanangu. Kaa pale. Haya baba, ziba jicho la kushoto."

Fimbo iligusa mstari wa pili, baba akajibu. Ikagusa wa tano, akajibu. Ikaruka hadi wa nane, kijiherufi cha katikati, akajibu bila kusita, kisha akaongeza na viwili vilivyofuata kwa madaha. Jicho la pili likawa hivyo hivyo. Daktari alitikisa kichwa kwa mshangao.

"Katika umri wako? Hongera, baba."

Akakaa, akaivuta fomu, akaufungua muhuri. Baba alimgeukia Kinasa akitabasamu, na tabasamu lenyewe likaelekea kwenye kiti kilichokuwa kitupu, si kwake. Kinasa aliutazama muhuri. Akisema, baba hasafiri, na nyumbani hawana kazi nyingine ya kutegemea. Asiposema, muhuri ule utampeleka baba juu ya meli.

"Daktari, usigonge!" Alikuwa amesimama bila kujua. "Baba haoni. Amezikariri. Mimi ndiye niliyemfundisha."

Baba alicheka kicheko kikavu.

"Huyu mtoto ana utani sana, daktari. Usimsikilize."

Daktari hakucheka wala hakukasirika. Aliinuka akaigeuza karatasi ukutani. Nyuma yake kulikuwa na herufi nyingine.

"Basi nisomee hizi."

Baba alisoma ile kubwa ya juu. Akafika mstari wa pili, akakwama. Jasho lilimtiririka shavuni.

"Daktari, nina familia," alisema mwishowe kwa sauti ndogo. "Nihurumie."

"Kukuhurumia ndiko kunakonifanya nisigonge muhuri huu. Sogea nikuangalie."

Alimmulika kwa kurunzi, jicho moja baada ya jingine. "Una mtoto wa jicho, pande zote mbili. Unapochomelea unavaa kinyago?"

"Mara mojamoja. Kinachelewesha kazi."

"Na mwanga wa kuchomelea nao unachoma. Kwa nini hukuja mapema?"

Baba aliinamisha kichwa. "Marehemu baba yangu alikufa kipofu. Nilijua zamu yangu imefika. Niliona heri nipate hii miaka miwili kabla giza halijaingia."

"Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji, baba," alisema daktari. "Wengi huona vizuri tena. Ulikuwa unakimbia ugonjwa unaotibika."

Sikuambii uongo kwamba baba alimkumbatia Kinasa pale pale. Walirudi nyumbani kimya, na kimya hicho kikaendelea siku nne. Kundi la wakala liliondoka bila baba. Kinasa alikula macho chini, akijiona ndiye aliyeangusha nyumba. Mama alipojua yote aliwasema wote wawili, mkubwa kwa kumtuma mtoto uongo, mdogo kwa kukubali kutumwa. Kisha akafunga safari na mumewe hadi hospitali ya macho.

Nisikuache roho juu: macho yote mawili yalipasuliwa kwa zamu, na wakala alipokuja kukusanya kundi la pili, baba alipimwa upya, akafaulu kwa haki, akasafiri na kinyago chake kipya kwenye sanduku. Ngazi ya mpaka rangi aliichomelea upya kabla ya kuondoka. Lakini ninachotaka ukishike ni siku alipofunguliwa bandeji ya jicho la kwanza.

Alikuwa amekaa kitandani wodini, mama upande mmoja, Kinasa mbali kidogo karibu na mlango. Daktari wa hospitali hiyo alitoa bandeji taratibu. Baba alipepesa, akatazama dirisha, akamtazama mama. Kisha akamwita Kinasa kwa mkono.

Alimshika kidevu, akamtazama kwa muda mrefu. Kidole chake kikagusa juu ya jicho la binti yake.

"Hapa kwenye nyusi pana nini?"

"Kovu, baba. Nilianguka shuleni."

"Lini?"

"Mwaka juzi."

Machozi yalimtoka baba, na daktari akamwonya asilifikiche jicho.

"Mwaka juzi!" alisema. "Ningeondoka nchi hii bila kuijua sura ya mwanangu. Nikuambie kitu, Kinasa. Siku ile nilikuona adui yangu. Kumbe adui alikuwa uongo wangu. Nilimdanganya daktari, nikamdanganya jirani yetu mpaka rangi, nikakufundisha na wewe kudanganya, na kumbe niliyekuwa namnyima dawa ni mimi mwenyewe. Ugonjwa usiousema hauwezi kutibiwa. Na mtu mzima akikutuma uongo, hata awe baba yako, mkatalie kwa adabu kama ulivyonikatalia."

"Mimi nilichelewa, baba."

"Ulichelewa kweli," alisema baba, akamvuta kifuani. "Lakini ulisema kabla muhuri haujagongwa."